Kaunti Iliyoipa Bahari Kisogo

Ukitaka kuifikia bahari ya Kaunti ya Tana River kwa barabara, kwanza utoke ndani ya kaunti hiyo. Unavuka daraja karibu na Garsen, unapita Gamba, unaingia Witu ambayo ni ya Kaunti ya Lamu, kisha unaiacha lami na kukata kulia kwenye njia ya mchanga mpaka Kipini, na hapo ndipo unapojikuta umerudi Tana River. Kwenye kituo cha bodaboda pale Witu niliwauliza vijana mpaka wa kaunti hizi mbili uko wapi. Mmoja alinyoosha kidole kuelekea minazini. Mwingine akasema mpaka uko pale simu inapokosa mtandao. Wa tatu sikumsikia, maana walikuwa wameshaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe.

Katika orodha ya kaunti sita za Pwani ya Kenya, Tana River ndiyo inayosahaulika. Mombasa ina bandari, Kwale na Kilifi zina hoteli za ufukweni, Lamu ina mji mkongwe unaojulikana dunia nzima, na hata Taita Taveta isiyogusa bahari ina tembo wa Tsavo na reli. Tana River mtu huipita usiku akiwa amesinzia ndani ya basi la kwenda Lamu, akishtuka tu kwenye vizuizi vya polisi. Niliamua kuanzia pale mto unapoishia na kupanda nao, badala ya kufuata barabara kuu kama wafanyavyo wasafiri wote.

Kipini ni mji mdogo wa minazi, mikungu na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na nyingine za mawe zilizokwisha umri. Bahari yake si ile ya kwenye matangazo ya utalii. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu mto unashusha udongo kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, ukiusafirisha mwendo wa kilomita zipatazo elfu moja hadi hapa. Mgeni anayetafuta maji ya buluu atasikitika. Mvuvi hasikitiki hata kidogo, kwani tope hilo ndilo linalowalisha kamba, na kamba wa Ghuba ya Ungwana wamewagombanisha wavuvi wadogo na meli za kukokota nyavu kwa miaka mingi. Wakati wa Waingereza mkuu wa wilaya alikaa hapa, akiutazama mdomo wa mto. Baadaye serikali ikapanda juu hadi Hola, mbali kabisa na upepo wa bahari, na tangu hapo mambo yote makubwa ya kaunti hii huamuliwa bara.

Haikuwa hivyo zamani. Karibu na Kipini, kwenye vichaka vilivyo nyuma ya matuta ya mchanga, kuna magofu ya Ungwana: kuta za msikiti wa Ijumaa, makaburi ya nguzo, misingi ya nyumba za matumbawe. Mwanaakiolojia James Kirkman aliyachimba katika miaka ya 1950, na mawe yake yanasimulia habari za mji wa Waswahili uliostawi kwa karne kadhaa kabla ya kuhamwa katika karne ya 17, wakati Waoromo waliposhuka kutoka kaskazini na maisha ya bara yakawa ya mashaka. Nilipofika, mbuzi wawili walikuwa wamelala kwenye kibla. Kijana aliyenipeleka aliwafukuza kwa adabu, akasema, "Hawa hawajui, kaka."

Pande hizi ndizo za Fumo Liyongo. Wenyeji watakuonyesha mahali wanapoamini amezikwa, na kila mmoja atakuapia kwamba ndipo hasa. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913, na watoto wengi wa shule wanakijua kisa: shujaa asiyeuawa kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ya kitovuni, na mwanawe mwenyewe aliyetumwa kumchoma. Mimi siku zote hunivutia zaidi sehemu inayofuata. Liyongo alijikokota hadi kisimani, akapiga goti akiwa na upinde na mshale, akafia hapohapo bila kuanguka. Watu wa mji wakadhani yu hai. Hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji, mji ukashikwa na kiu, mpaka mama yake akaja kumsihi. Nilikuwa nimekisikia kisa hiki tangu utotoni kama kisa cha usaliti. Kukisikia Kipini ni jambo jingine. Hapa ni kisa cha mtu mmoja mwenye silaha aliyesimama kati ya watu na maji, na kila nilipozidi kupanda mto nilikutana naye tena, kila mara akiwa na sura mpya.

Mto wenyewe hauaminiki. Mdomo unaouona Kipini kwa asili si wa Tana. Ni wa mto mdogo uitwao Ozi, uliokuwa ukiingia baharini taratibu, wakati Tana ulikuwa ukimwaga maji yake kusini zaidi. Katika karne ya 19 mtawala wa Witu, Ahmed Simba, aliyekuwa amekimbia kutoka Pate na kujijengea usultani wake msituni pamoja na wakimbizi na watumwa watoro, alitaka bidhaa za Tana, yaani mpunga, pembe na mahindi, zifike kwake bila kupitia bahari ya wazi. Ukachimbwa mfereji mwembamba wa Belezoni kuunganisha mito miwili, wa kupitisha mitumbwi tu. Mto ukaupenda mfereji. Mafuriko baada ya mafuriko yakaupanua, hadi Tana mzima ukahamia humo na kutokea Kipini. Sijui mradi mwingine wa maji katika Kenya uliofanikiwa kupita kiasi hivyo, na wale waliouchimba hawakuwa na mhandisi hata mmoja.

Usultani wenyewe haukudumu. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walijipatia mkataba na Ahmed Simba, na mwaka 1885 Ujerumani ikatangaza himaya juu ya Witu. Miaka mitano baadaye Ujerumani ikaikabidhi Uingereza kwa mkataba uleule ulioipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland, na kabla mwaka 1890 haujaisha Waingereza wakauteketeza mji wa Witu kwa moto baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa pale. Witu ikaishia kuwa ya Lamu. Mdomo wa mto ukabaki Tana River.

Kutoka Kipini nilipanda mtoni kwa boti ya injini hadi Ozi na Kau, vijiji vya Wapokomo na Waswahili vilivyokuwa na majina makubwa enzi za biashara ya mitumbwi. Mikoko imefunga kingo zote mbili. Nahodha alizima injini mara kwa mara, akisema ni kwa ajili ya kuokoa mafuta, lakini mara moja niliona kichwa cha kiboko kikizama mbele yetu nikaelewa kwamba mafuta yalikuwa sababu ya pili.

Mzee mmoja wa Ozi alinitembeza shambani kwake. Kilimo cha mpunga cha pale kilikuwa na akili ya aina yake. Bahari inapojaa, hasa wakati wa bamvua, inausukuma mto nyuma. Maji matamu, kwa kuwa hayana pa kwenda, hupanda polepole na kuingia mashambani kupitia vijifereji. Bahari inapokupwa, yanashuka. Mkulima hahitaji pampu wala dizeli, anahitaji kuujua mwezi tu. "Maji yalikuwa yanapanda yenyewe, mwanangu," alisema. "Sisi kazi yetu ilikuwa kuyafungulia na kuyafungia."

Sasa yanapanda yakiwa na chumvi. Mto umepungua nguvu, bahari imepata nafasi, na maji yanayoingia shambani siku za bamvua huacha utando mweupe juu ya udongo. Nilichukua kidogo kwa kidole nikaonja: chumvi kabisa, kama ya jikoni. Palipokuwa na mpunga pamesimama vishina, na katikati yake machipukizi ya mikoko yameanza kujitokeza, marefu kama penseli. Miembe mikubwa ya babu zake imekauka ikiwa imesimama. Niliona mmoja ambao tawi moja tu la upande wa juu lilikuwa bado na majani, na mzee akaugonga shina kwa kiganja, kama mtu anayemwamkia mgonjwa. Visima vya karibu navyo vimeharibika, na maji ya kunywa huletwa kwa mitumbwi kutoka juu.

Nimezitaja jamii mbili tu, na kaunti ina nyingi kuliko wanavyodhani watu wa Nairobi. Wapokomo ni wakulima wa kingo za mto, Wabantu walio karibu kwa lugha na Wamijikenda na Waswahili, na wamejigawa kuwa Wapokomo wa Chini, wengi wao Wakristo, na Wapokomo wa Juu, wengi wao Waislamu. Waorma na Wawardei ni wafugaji wa ng'ombe. Juu mtoni kuna Wamalakote na Wamunyoyaya. Wapo Wabajuni wa pwani, Wasanye waliokuwa wawindaji, Wamijikenda waliohamia kutoka Kilifi, Wasomali, hata wavuvi Waluo waliofuata kambale kwenye maziwa ya delta na kukaa moja kwa moja.

Sensa ya 2019 iliwahesabu wote hao ikapata watu 315,943, kutoka 240,075 mwaka 2009. Ongezeko hilo ni karibu theluthi kwa miaka kumi. Lamu, kwa kulinganisha, ilikuwa na watu 143,920, na Mombasa 1,208,333. Lakini Mombasa imebanwa katika kilomita za mraba zipatazo 220, na Tana River imetandaa kwenye karibu 38,000. Ukigawanya, Mombasa inapata zaidi ya watu 5,000 kwa kila kilomita ya mraba, Tana River wanane.

Wastani huo wa wanane naukataa, ingawa hesabu yake ni sahihi. Hakuna mahali katika kaunti hii ambapo watu wanane wanaishi katika kilomita ya mraba. Panda juu ya mti popote kando ya mto na utaona vijiji vimeshikana: mashamba ya migomba, mahindi na miembe, shule, msikiti au kanisa, kisha kijiji kingine. Tembea saa moja kuupa mto kisogo na utakuta nyika ya miiba, udongo mwekundu na ukimya, mpaka mpaka wa Kitui. Mvua ya Hola haifikii nusu ya ile ya Kipini. Kwa hiyo idadi ya watu wa Tana River inafaa ipimwe kwa urefu wa mto, tena kwa upana wa kingo zake tu. Anayeandika bajeti ya maji au ya ardhi kwa kutumia kilomita za mraba ataona ardhi tele isiyo na mwenyewe. Wengi wameiona hivyo. Ndiyo sababu delta hii imepangiwa mpunga wa serikali, miwa ya makampuni, na mashamba ya mimea ya mafuta, mipango iliyoandikwa mbali na kupingwa papa hapa, mingine hadi mahakamani. Mashamba ya mpunga ya serikali yalisombwa kwa sehemu kubwa na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, na mto haukumwuliza mtu.

Ili kuelewa ugomvi wa hapa lazima ulijue neno malka. Malka ni njia ya ng'ombe kufika mtoni. Wapokomo wanalima kingo, Waorma na Wawardei wanachunga nyikani, na kiangazi kinapokaza, mabwawa ya nyikani yakikauka, maelfu kwa maelfu ya ng'ombe hushuka deltani kutafuta maji na majani mabichi, pamoja na makundi yanayotoka Garissa, Wajir na kwingineko. Malka ikiwa wazi, ng'ombe wanapita katikati ya mashamba, wanakunywa, wanarudi. Mkulima akipanda mahindi juu ya malka, au mchungaji akishindwa kuwazuia ng'ombe wasiingie shambani, fimbo huinuliwa. Kwa vizazi vingi wazee walikuwa wakikaa pamoja na kuumaliza ugomvi. Mwanamke wa Kiorma aliyekuwa akiuza maziwa Garsen, vibuyu vyake vimepangwa vizuri chini ya mwarobaini, aliniambia kwamba mama yake alikuwa akibadilishana maziwa na ndizi na familia moja ya Kipokomo, mwaka hadi mwaka, bila kuhesabiana. "Na wewe, mama?" nikamwuliza. "Mimi nauza kwa shilingi," akajibu, akacheka, akanipimia nusu lita.

Mwaka 2012 ugomvi ulimalizwa kwa namna nyingine. Alfajiri ya tarehe 22 Agosti kijiji cha Reketa karibu na Tarasaa kilivamiwa, na zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Kisasi kikafuata kisasi, Kilelengwani, Kipao na vijiji vingine, na kufikia mapema mwaka uliofuata waliokufa walikuwa wamepita mia moja, wakiwemo askari polisi. Magazeti ya Nairobi yaliandika kuhusu malisho na maji. Sikukutana na mtu hata mmoja deltani aliyeridhika na maelezo hayo. Ng'ombe na mahindi vilikuwepo tangu enzi, wanasema. Kilichokuwa kipya ni uchaguzi wa Machi 2013, wa kwanza chini ya ugatuzi, ambapo kwa mara ya kwanza kungekuwa na gavana na fedha za kaunti za kugawa. Naona wana haki. Kisima kilikuwa kimehamia Hola, ofisini, na watu walikuwa wakiuana kuhusu nani atapiga goti mbele yake. Katika mwaka huohuo wa 2012 delta iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600 za ndege, samaki na vyura.

Ngao iko ukingoni upande wa Tarasaa, kijiji cha miembe mikubwa na hospitali ya zamani. Wamisionari Wajerumani wa Neukirchen walifika hapa miaka ya 1880. Wamethodisti Waingereza walikuwa jirani, Golbanti, ambako mwaka 1886 Wamaasai waliovamia walimuua mmisionari John Houghton na mkewe. Katika nyakati hizo Wapokomo walikuwa wamebanwa kila upande, na wengi walilikimbilia kanisa kama mtu anavyokimbilia boma. Halafu kanisa na serikali vikaungana kuliondoa lile walilokuwa nalo. Gasa, baraza la wazee, lilikuwa na ngoma kubwa ya siri, ngadzi, ambayo sauti yake ilitosha kuamuru kijiji kizima. Mwanzoni mwa karne ya 20 ofisa wa kikoloni aliichukua. Ngoma hiyo iko London, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, ghalani, na wazee wa Kipokomo wamekwisha kwenda hadi huko kuiona. Kuiona tu.

Jambo ambalo Wapokomo walitoa kwa hiari yao, Kenya nzima inalo mdomoni. Wimbo wa Taifa, ulioandaliwa mwaka 1963 na kamati ya wanamuziki akiwemo Graham Hyslop, Thomas Kalume na George Senoga-Zake, umejengwa juu ya sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, uliotolewa na Mzee Meza Morowa Galana. Nilimwomba bibi mmoja wa Ngao aniimbie ule wa asili. Aliuimba ameketi kwenye mkeka akipepeta mchele, haraka kidogo kuliko tulivyozoea, na mkono wake haukukosa mpigo. Mjukuu wake wa darasa la tatu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijinyoosha mikono ubavuni kwa mazoea ya gwaride la shuleni. Bibi akamwambia akae chini, huu ni wa watoto wachanga.

Kutoka Garsen kwenda Hola barabara inafuata ukingo wa magharibi bila kuuona mto, ila kwa mstari wa kijani upande wa kulia. Ndani ya mstari huo, karibu na Wenje, imebaki misitu midogomidogo ya kando ya mto yenye nyani wa aina mbili wasiopatikana kwingine popote duniani, mbega mwekundu wa Tana na ngolaga wa Tana. Hifadhi yao ilitengwa mwaka 1976. Niliwaona mbega juu ya mkuyu, wakila majani bila haraka, na mwongozaji wangu alinieleza kwa ufupi uhusiano wa wanakijiji na hifadhi ile: tunawapenda nyani, hatukupenda kuambiwa tuhame kwa ajili yao.

Hola ni makao makuu ya kaunti. Ni mji wa joto, vumbi na ofisi mpya zenye viyoyozi, wenye shule ya sekondari iliyopewa jina la Mau Mau. Huwezi kufika hapa usifikirie tarehe 3 Machi 1959. Waingereza walikuwa wameanzisha mpango wa umwagiliaji hapa mwaka 1953, na kambi ya wafungwa wa Mau Mau ikawekwa kando yake. Siku hiyo wafungwa zaidi ya 80 waliokuwa wamekataa kufanya kazi walipelekwa kwa nguvu kuchimba mfereji, na askari wakawapiga marungu hadi 11 wakafa. Wengine wengi walivunjwa viungo. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema wamekufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi katika vitabu. Lakini ukisimama Hola saa nane mchana, koo limekukauka, ndipo unapoona ulivyokuwa uongo wa kipekee. Kati ya yote ambayo yangeweza kusingiziwa, yalisingiziwa maji, mahali ambapo watu hao walikuwa wakiuawa kwa kukataa kuyachimbia njia. Uongo haukudumu. Uchunguzi wa kifo ulionyesha vipigo, Bunge la Uingereza likajadili mkasa huo hadi usiku wa manane mwezi Julai, na hata mbunge Enoch Powell, ambaye hakuwa rafiki wa Waafrika, alisimama kuilaumu serikali ya chama chake mwenyewe. Watawala wakaupa mji jina jipya, Galole, na baada ya uhuru jina la Hola likarudi. Galole limebaki kuwa jina la jimbo la uchaguzi.

Mfereji uliochimbwa kwa damu ile ulimwagilia pamba kwa miongo mitatu. Kisha, mwaka 1989, mto ukahama ukaiacha pampu ya Hola kwenye nchi kavu, na mpango mzima ukasimama kwa miaka mingi. Bura, juu zaidi, ilianzishwa mwisho wa miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ikahamishia wakulima kutoka pembe zote za nchi, na gharama yake kwa kila hekta ikawa miongoni mwa zile kubwa zaidi katika bara zima. Pamba ilishindwa, pampu zilikwama, wakulima wakabaki. Leo nusu ya Bura inasema Kiswahili chenye lafudhi ya Ukambani au ya Nyanza. Na kuna mathenge, mti wa miiba ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia vumbi na kutoa kuni kwa wahamiaji hao. Umevamia mifereji, malka na malisho. Mbuzi wanaokula maganda yake kwa wingi huoza meno. Niliona mbuzi mmoja hivyo, taya lake limepinda, na mwenyewe akanifungulia mdomo wa mbuzi huyo nione, kwa ghadhabu ya mtu aliyekwisha kuwaonyesha maofisa wengi.

Safari yangu iliishia Madogo, upande wa kaskazini, ambako daraja linavuka kwenda Garissa. Wakazi hununua bidhaa ng'ambo, hutibiwa ng'ambo, na husafiri zaidi ya kilomita mia moja kwenda Hola pale tu wanapohitaji muhuri. Mpaka wa kaunti hizi mbili nao unagombewa, kama uende na mto au la, na sielewi mtu anawezaje kuuchora mpaka kwa mto kama huu. Mafuriko yanapokuja barabara hukatika na Madogo hugeuka kisiwa.

Nilikaa kwenye kibanda cha chai na mkulima mmoja wa Kimunyoyaya na mchungaji wa Kiorma aliyekuwa akisubiri lori la chumvi ya mifugo. Redio ilitangaza kwamba Bwawa la Masinga limekaribia kujaa, na wakazi wa mabondeni huku chini wahamie nyanda za juu. Mabwawa yako matano huko juu, tangu Kindaruma ya 1968 hadi Kiambere ya 1988, yanayowasha taa za nchi, na mto Thika, mmoja wa watoto wa Tana, ndio unaoinywesha Nairobi. La sita, Grand Falls, limekuwa likipangwa kwa miaka mingi na lingekuwa kubwa kuliko yote.

Nilitarajia wawili hawa wabishane. Walikubaliana kabisa. Mkulima alisema mafuriko madogo ya kila mwaka ndiyo yanayoleta udongo mpya shambani, na siku hizi hayaji: ama hakuna kitu miaka mitatu, ama yanakuja yote kwa mkupuo na kubeba nyumba. Mchungaji alisema majani ya deltani yanataka maji yakae wiki kadhaa kisha yaondoke, na yakikosa hivyo ng'ombe wa watu wote watalundikana kwenye malka zilezile.

"Basi mngemwambia nini huyo anayefungua bwawa?" niliuliza.

"Afungue kidogo kila Mei na kila Novemba," mkulima akasema. "Si lazima atutangazie. Sisi tutajua."

Mchungaji akaongeza kwamba ingefaa mtu huyo apewe namba zao za simu. Lori la chumvi likafika, akainuka kwenda kuhesabu magunia yake.